Binti wa Juu Amekua: Uchambuzi wa Kisa cha Mnara wa Sarakasi Ujiji

Kisa hiki kinamhusu binti wa miaka 13, mwanafunzi wa kidato cha kwanza, ambaye kwa miaka mitatu alikuwa ndiye wa juu katika mnara wa kikundi cha sarakasi cha mtaani kwao, Ujiji. Mwaka huu alianza kuanguka. Mara mbili za mwanzo alidakwa. Mara ya tatu alitua kwa kiganja akaumia kifundo cha mkono. Kikundi kizima kilikuwa na jibu mkononi: amenenepa, hafai tena kukaa juu.

Mimi ni mtu wa fiziotherapia, na binti aliletwa kwangu kwa sababu ya mkono huo. Mfupa haukuvunjika, na baada ya wiki kadhaa za kufungwa na mazoezi mepesi mkono ukarudi kazini. Lililonisumbua ni lile jibu. Halikuwa sahihi, na lilikuwa limeshaanza kumuumiza mtoto kuliko mwanguko wenyewe. Anayewekwa juu mara nyingi huwekwa akiwa mdogo na mwepesi, kwa hiyo balehe humkuta akiwa huko huko juu, mbele ya watu, na kila mtu ana la kusema kuhusu mwili wake. Ndiyo maana nimeona nikieleze kisa chote. Mama wa binti, kocha na binti mwenyewe wameridhia. Majina nimeyaacha.

Mnara ulivyo

Vijana wawili wanasimama bega kwa bega. Ni ndugu, mtoto wa baba mkubwa na mtoto wa baba mdogo, wote wana miaka 14, wamepishana miezi tu. Wanachuchumaa kidogo, binti anakanyaga paja la mmoja, anashika vichwa vyao, anapanda mpaka mguu mmoja unakaa kwenye bega la kulia na mwingine kwenye bega la kushoto. Wao wanamshika vigimbi na kusimama. Nyuma yao yuko kijana wa nne, mwenye miaka 17, ambaye kazi yake ni kushika vifundo vya miguu ya binti na kuwa tayari kumpokea akirudi nyuma. Ngoma inapiga hesabu nane, binti ametanua mikono, kisha anajirusha mbele na kudakwa na wawili wanaomngoja.

Mazoezi hufanyika jioni kwenye kiwanja cha udongo ulioshindiliwa ukawa kama saruji. Kando yake, chini ya mwembe, kuna sehemu ya mchanga ambayo hakuna aliyekuwa akiitumia kwa sababu watazamaji hukaa upande wa pili. Godoro lipo, la sponji, limechoka kiasi kwamba ukilikanyaga unaisikia ardhi.

Kwenye sarakasi yetu nafasi hizi hupewa watu kwa macho tu: mdogo juu, mkubwa chini. Wamarekani wana mchezo unaofanana, chialidingi, ulioanza kama kushangilia timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1898. Umekua hadi kuwa mashindano kamili, na mwaka 2021 shirikisho lake la dunia lilitambuliwa rasmi na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Nautaja kwa sababu wenzetu hao wanayatenganisha majukumu vizuri. Wa juu wanamwita flaya. Wa chini ni besi, na kanuni ya kwanza kwao ni kwamba besi wawili wa pamoja wawe na kimo kimoja. Wa nyuma huwa mrefu kuliko wenzake, kwa sababu ndiye mwenye mikono inayoweza kufika juu na ndiye mlinzi wa kichwa na shingo ya flaya. Pia wana kumbukumbu za majeraha: katika shule za sekondari za Marekani, zaidi ya nusu ya majeraha ya mchezo huo hutokea wakati wa kunyanyuana, na mtikisiko wa ubongo ndio unaoongoza kwa wingi.

Kanuni ile ya kimo ikumbukwe, maana kisa chote kinazungukia hapo.

Kaunta buku ya mama

Mama wa binti ni fundi cherehani, na ndiye anayeshona sare za kikundi. Kila mwaka huwapima vijana wote na kuandika kwenye kaunta buku lenye jalada la kitenge: jina, bega, kifua, kiuno, hipsi, urefu wa mkono, urefu wa blauzi, urefu wa suruali. Aliponiletea binti alikuja nalo, maana alitaka kuniambia jambo ambalo yeye kwa jicho la fundi alishaliona.

"Daktari, huyu hajanenepa," alisema. "Kiuno nimeongeza sentimeta mbili tu. Suruali ndiyo inanitesa. Nimekunjua pindo mara mbili, la tatu halipo."

Alikuwa sahihi kabisa, na daftari lake lina thamani kuliko mizani yoyote. Suruali ya binti ilikuwa imetoka sentimeta 83 hadi 90 ndani ya mwaka mmoja. Blauzi ilikuwa imeongezeka sentimeta moja na nusu. Hivyo ndivyo mtoto anavyokua akiingia balehe: nyayo na miguu hutangulia, kiwiliwili hufuata baadaye. Kwa wasichana kasi ya kurefuka hufika kileleni karibu na miaka 12 kwa wastani, kiasi cha sentimeta 8 kwa mwaka. Kwa wavulana kilele huchelewa kama miaka miwili, na huwa kikali zaidi kidogo. Uzito huja nyuma ya urefu kwa miezi kadhaa. Kwa hiyo kuna kipindi ambacho mtoto ni miguu mitupu, na hata yeye mwenyewe haijui vizuri: hatua aliyoizoea haimfikishi alipozoea kufika, na goti analokunja halikunjiki pale pale.

Nilimpima. Urefu sentimeta 152, uzito kilo 42. Kwa umri wake huo ni mwili wa kawaida, hata mwembamba kidogo. Kwa kujumlisha suruali na blauzi, mwaka jana alikuwa na kama sentimeta 143.

Mama alipoulizwa kuhusu kuvunja ungo alisema ni mwezi wa pili. Hilo nalo lina maana kwenye uchambuzi. Hedhi ya kwanza kwa kawaida huja baada ya kasi ya kurefuka kupita kilele chake, na baada ya hapo msichana hubakiza sentimeta chache, mara nyingi kati ya 5 na 7. Binti huyu, ambaye kila mtu alimwona kama tatizo linaloendelea kukua, alikuwa tayari anaelekea kutulia.

Nikageuza kurasa. Vijana wawili wa chini walikuwa humo humo. Mwaka jana suruali zao zilikuwa sentimeta 92 na 91. Mwaka huu mmoja amebaki 92. Mwingine ameandikwa 100.

Video

Mmoja wa vijana hurekodi mazoezi kwa simu. Niliomba video za ile miezi ya kuanguka, nikaziangalia polepole, nyingine picha kwa picha. Binti aliondoka upande wa kushoto. Kila safari kushoto. Mtu aliyeangushwa na uzito wake hana upande maalumu, ataanguka popote. Anayeanguka upande mmoja daima anasukumwa na kitu.

Jioni iliyofuata nilikwenda kiwanjani na tepu ya mama. Vijana wawili walisimama kwenye sehemu yao, wima, bila viatu. Bega la kulia, la yule aliyerefuka, lilikuwa sentimeta 136 kutoka ardhini. Bega la kushoto lilikuwa 129.

Nieleze hesabu yake kidogo, maana ndiyo iliyomwondolea mtoto lawama. Binti akisimama juu, umbali kati ya unyayo mmoja na mwingine ni kama sentimeta 45. Tofauti ya sentimeta 7 ndani ya 45 ni mteremko wa nyuzi 9. Kitovu cha uzito wa mwili wake kipo karibu na nyonga, kwenye asilimia 55 hivi ya urefu wake, yaani sentimeta 84 juu ya nyayo. Akinyoosha miguu yote miwili kama alivyofundishwa, mteremko ule unakisogeza kitovu hicho kushoto kwa sentimeta 13. Kikivuka unyayo wa kushoto anaanguka, na unyayo huo uko sentimeta 22 na nusu kutoka katikati. Ina maana kabla upepo haujavuma, kabla mtu wa chini hajakohoa, zaidi ya nusu ya nafasi yake ya usalama imeshaliwa.

Sasa tumrudishe kwenye mwili wake wa mwaka jana, wa sentimeta 143, tumsimamishe kwenye mabega yale yale yasiyolingana. Kitovu chake kinasogea sentimeta 12 na kidogo. Kurefuka kwake kote, hizo sentimeta 9 zilizozungumzwa mtaa mzima, kumeongeza chini ya sentimeta moja ya hatari. Zilizobaki zote zimeletwa na vijana wa chini.

Kuna sehemu ya video ambayo nimeirudia mara nyingi. Binti yuko juu, amekunja goti la kulia kidogo, na mwili wake uko wima kabisa. Ameshausikia mteremko kwa nyayo na ameurekebisha bila kuambiwa na mtu. Goti linatetemeka kwa kazi hiyo. Kisha sauti ya kocha inasikika: "Nyoosha miguu!" Anainyoosha. Hapo hapo anaondoka kushoto.

Kocha aliangalia kipande hicho kwenye simu yangu, akaomba kukiona tena, kisha akakaa juu ya mzizi wa mwembe kwa muda bila kusema neno. Nataka nimtendee haki. Huyu ni mtu anayewafundisha watoto wa watu kila jioni bila mshahara, anayewajua wote kwa majina ya baba zao, na amri ya kunyoosha miguu ni sahihi kabisa juu ya mabega yaliyo sawa. Alikuwa akifundisha mnara wa mwaka jana.

Kuhusu uzito

Uzito una nafasi yake katika kisa hiki na sitauficha. Mwili ukirefuka kwa asilimia 10 huku umbo likibaki lile lile, uzito huongezeka kwa asilimia 33 hivi, lakini nguvu ya misuli, ambayo hufuata unene wa msuli, huongezeka kwa asilimia 21 hivi. Kwa hiyo mtoto anayekua huwa mzito kwa mwili wake mwenyewe kabla hajawa mzito kwa wenzake. Mikunjo aliyoifanya bila kufikiri akiwa darasa la tano sasa inamtaka aifanyie kazi. Hilo hurekebishwa kwa kumwongezea nguvu, hasa tumbo, mgongo na nyonga. Kupunguza sahani hakumpi nguvu hiyo.

Na upo wakati ambao kilo huhesabika kweli: wakati wa kudaka. Mtu akishuka mita 1 na kusimamishwa ndani ya sentimeta 25 za mikono inayokunjika, mikono hiyo hubeba kwa wastani mara tano ya uzito wake. Kwa mtoto wa kilo 34 ni kama kubeba kilo 170. Kwa kilo 42 ni 210. Wadakaji walikuwa wawili walipoanza, na bado walikuwa wawili. Hapa ndipo kukua kwake kulipotakiwa kubadilisha mpango, kwa kuongeza mtu wa tatu, na hakuna aliyelifikiria kwa sababu mawazo yote yalikuwa kwenye chakula chake.

Maana mtoto alishaanza kujinyima. Mwenzake mmoja alimwambia apunguze ugali, kocha naye akasema "kidogo tu," na kwa binti wa miaka 13 anayependa mchezo wake neno hilo lilitosha. Usiku akawa anasema ameshiba. Mama anapika ugali wa muhogo na dagaa, binti anamega matonge mawili, ananawa.

"Kashiba nini?" mama aliniuliza, akimwangalia binti na si mimi. "Tangu mchana shule hajala."

Nilimuuliza binti kama huwa anapata kizunguzungu. Aliinamisha kichwa. "Nikiwa juu," akasema. "Kidogo."

Nimeandika sentensi hiyo jinsi alivyoisema kwa sababu inatisha kuliko kifundo chake cha mkono. Tulikuwa na mtoto amesimama kwenye mabega yaliyoinama, juu ya ardhi ngumu, akiwa na njaa, kwa ushauri wa watu wanaompenda.

Hedhi yake ilikuja mara mbili kisha ikakata. Katika mwaka wa kwanza au wa pili kurukaruka kwa hedhi ni jambo la kawaida, na nilimwambia mama hivyo ili asiingiwe na hofu. Lakini ikikutana na kula kidogo na mazoezi ya kila siku, lazima ifuatiliwe. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko kuhusu wanamichezo wanaotumia nguvu nyingi kuliko wanayokula: mifupa hudhoofika, hedhi husimama, majeraha huongezeka, ukuaji wenyewe huvurugika. Na kwa mtoto wa rika hili kuna jambo la ziada. Wakati wa kurefuka kwa kasi, mfupa hutangulia kurefuka na kujaa madini baadaye. Katikati hapo huwa dhaifu kuliko unavyoonekana, ndiyo maana kuvunjika kwa mkono huwa kwingi katika umri huu. Mtoto huyu alitua kwa kiganja katika mwaka ambao mifupa yake ilihitaji chakula kuliko mwaka wowote. Ni bahati kwamba haikuvunjika.

Maagizo yangu ya kwanza, kabla ya kugusa mnara, yalikuwa haya: anakula milo mitatu, mama anathibitisha, na hapandi juu mpaka kizunguzungu kiishe. Na mtu yeyote kikundini asitaje tena kilo za mwenzake. Kocha alisimamia hilo la mwisho kwa ukali ambao sikuutarajia, na namshukuru.

Goti la kijana mrefu

Wakati wote huo hakuna aliyemuuliza yule kijana aliyerefuka kama ana tatizo lolote. Yeye ndiye aliyekuwa katikati ya kilele cha kukua, sentimeta 9 za suruali kwa mwaka, na hakuna aliyemwambia amebadilika kwa sababu kwa mvulana kurefuka husifiwa.

Nilipomwambia achuchumae aliishia nusu. Chini kidogo ya pia ya goti, pale kano ya paja inaposhika kwenye mfupa wa mguu, kulikuwa na kinundu, na nilipokibonyeza alivuta pumzi. Ni hali inayojulikana sana kwa vijana wanaokua haraka na kuruka sana. Mfupa unarefuka, msuli wa paja unabaki nyuma, na kila ruko na kila kuchuchumaa huvuta sehemu ile ambayo bado ni gegedu laini. Haiui mtu na huisha ukuaji ukikamilika, lakini inauma. Kijana akiwa na maumivu hayo hujifunza ujanja. Huyu alikuwa akiinuka mapema kuliko mwenzake ili asikae chini muda mrefu. Kwa hiyo hata wakati wa kupanda, kabla ya kusimama, jukwaa la binti lilikuwa limeshainama.

Nilimuuliza kwa nini hakusema. "Mimi wa chini," akajibu. Kwamba wa chini kazi yake ni kuvumilia. Kwenye mazungumzo yote ya kisa hiki, hakuna neno lililonikera kama hilo.

Mpangilio mpya, na pale tulipokosa kuelewana

Kocha alikuwa na wazo lake, na lilikuwa na mantiki ya kisarakasi. Binti amekua, basi ashuke ngazi moja: asimame palepale kwenye mabega, lakini sasa awe wa kati, na juu yake apandishwe mtoto wa miaka minane mwenye kilo 22. Mnara wa ngazi tatu. Mwenge wa Uhuru ungepita, watu wangekuwa wengi, kikundi kingepata jina na pengine mialiko ya harusi.

Nilikataa, na kama ningeulizwa leo ningekataa tena. Wa kati ana kazi ngumu kuliko wote: chini yake hapajatulia, juu yake hapajatulia, na yeye ndiye anayetakiwa kusawazisha pande zote mbili kwa miguu ambayo mwaka jana haikuwa na urefu huo. Kumpa kazi hiyo mtoto aliyetoka kurefuka sentimeta 9 ni kumpa mzigo katika mwaka mbaya kuliko yote. Na mtoto wa miaka minane angekuwa ameweka nyayo zake karibu mita 2 na nusu juu ya udongo mgumu. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa mwongozo wake kuhusu chialidingi mwaka 2012, na humo kilisema wazi kwamba piramidi isizidi ngazi mbili za watu, na kwamba kunyanyuana kusifanywe kwenye sehemu ngumu, yenye maji au isiyo sawa. Wenzetu hao wana mazulia maalumu ya kuchezea na walimu wenye vyeti, na bado waliishia mbili.

"Daktari, watu hawatoi hela kwa mnara mfupi," kocha aliniambia. Namwelewa. Hatukukubaliana siku hiyo.

Tulikubaliana kuhusu hili lingine, kwa sababu tepu ilikuwa imeshasema. Kijana wa miaka 17 aliyekuwa nyuma alishamaliza kukua. Bega lake lilikuwa sentimeta 130, na la yule asiyerefuka 129. Hao wawili wakawa wa chini. Kijana mrefu mwenye goti akahamishiwa nyuma, mahali ambapo urefu wake unafaa na hahitaji kuchuchumaa, na mikono yake inafika juu zaidi kwenye miguu ya binti badala ya kuishia kwenye vifundo. Wadakaji wakawa watatu. Mazoezi yakahamia kwenye mchanga chini ya mwembe, na watazamaji wakahama nao bila manung'uniko yoyote.

Binti alirudi juu baada ya mkono kupona, na kizunguzungu hakikuwepo tena. Siku ya kwanza alipanda polepole, akasimama, akasubiri, kama mtu anayetegea kitu kitokee. Hakikutokea. Akanyoosha miguu yote miwili, na mwili wake ulisimama katikati. Kilo zake zilikuwa zimeongezeka kwa moja na nusu tangu siku aliyoanguka.

Sidai kwamba ni lazima abaki juu. Nilimuuliza anataka nini, swali ambalo hakuwa ameulizwa, akasema anataka kukaa juu mwaka huu na kujifunza kazi ya nyuma ili mwakani achague. Nadhani ni jibu la busara kwa mtu yeyote. Watoto wengine wawili wameanza kufundishwa nafasi ya juu, kwenye urefu wa mapaja tu kwa sasa, ili ikifika siku ya mmoja kukua ghafla, au kuumwa, au kuwa na mtihani shuleni, kikundi kisimsimamishe kwa lazima. Kikundi chenye mtu mmoja tu anayeweza kukaa juu kitamlaumu kwa kukua, hata kikiwa na watu wema.

Mabadiliko hayakumfurahisha kila mtu. Kijana mrefu alinuna wiki nzima. Wa chini huonekana, hupigiwa makofi, hutoa kifua. Wa nyuma hufichwa na migongo ya wenzake. Yule wa miaka 17 ndiye aliyemtuliza, kwa kumwambia kwamba miaka yote hiyo alipokuwa nyuma alimdaka binti mara nyingi ambazo hakuna mtu wa mbele aliyeziona. Sijui kama ilimtosha. Anafanya mazoezi ya kunyoosha misuli ya paja niliyompa, amepunguza kuruka, na goti linauma kidogo kuliko mwanzo, ingawa bado linauma.

Mama sasa anapima kila baada ya miezi mitatu, vijana wote, pamoja na kipimo kipya alichokiongeza mwenyewe kwenye kaunta buku: kimo cha bega kutoka chini. Mwongozo niliowapa ni mwepesi. Yeyote atakayekuwa ameongezeka sentimeta 2 au zaidi tangu kipimo kilichopita anafundishwa upya mbinu zake za msingi kwenye ardhi kabla ya kubeba au kubebwa, na mabega ya wawili wa chini yakipishana zaidi ya sentimeta 2, wanabadilishwa. Hiyo ya pili ni ya kwangu, nimeipata kwenye hesabu ya mteremko: sentimeta 2 ndani ya 45 ni nyuzi mbili na nusu hivi, na mteremko huo mtoto mwenye mafunzo anaumudu bila kukunja goti.

Kuhusu ngazi ya tatu, kocha hajakubali na hajakataa. Mwenge ulipita, mnara ulikuwa wa ngazi mbili, na watu walitoa hela. Ameniambia atalirudia suala hilo yule mdogo wa kilo 22 akifikisha miaka kumi. Nimemjibu kwamba akifikisha miaka kumi atakuwa amebakiza mwaka mmoja au miwili kabla suruali hazijaanza kumtesa fundi, na tuanze kuhesabu kuanzia hapo.